Mtani Hapigwi

Siku Hajra alipokutana na Mudrik, alikuwa anampiga mtu.

Ilikuwa stendi ya Nachingwea, saa nne asubuhi, msimu wa ufuta ndio kwanza umechangamka, kila basi linaloingia linamwaga watu na viroba. Hajra kavaa gauni la kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, mtandio mweupe, viatu vya wazi alivyonunua juzi. Anataka gari la Ruangwa, basi. Wapiga debe wawili wakamvamia. Mmoja kavuta begi kuelekea gari la Masasi, mwenzake kuelekea la Lindi, na yeye anasema Ruangwa, Ruangwa, hakuna mwenye sikio. Mara begi likasahaulika, wale mabwana wakaanza kuchapana wenyewe kwa wenyewe. Ngumi ya kwanza ikapasua mdomo. Ya pili ikamkosa aliyekusudiwa ikamkuta muuza mayai, trei tatu chini, na muuza mayai naye si mtu wa kuonewa, akaokota tofali.

Katikati ya patashika hiyo, yule wa gari la Lindi, damu inamchuruzika kidevuni, akakumbuka abiria wake. Akamdaka Hajra mkono wa kushoto. Sasa mkono wa kushoto wa Hajra unaishia kwenye kiwiko, ndivyo alivyozaliwa. Jamaa alipohisi kiganja chake kimefika mwisho kabla ya wakati, akauachia kama aliyeshika kaa la moto.

"Kumbe kilema," akasema.

Hajra alikuwa na chupa ya chai aliyomnunulia mama yake, mpya, bado imo kwenye boksi. Ilimshukia jamaa utosini, boksi na vyote. Akayumba. Ikamshukia tena.

"Dada," sauti ikasema nyuma yake, taratibu kabisa, "ukimaliza na huyo, mimi nipo kwenye foleni."

Akageuka. Kijana mrefu, ovaroli limetobolewatobolewa na cheche, miwani nyeusi ya kuchomelea vyuma ameipandisha kwenye paji la uso kama macho ya akiba.

"Na wewe unataka nini?"

"Mtandio wako umeanguka. Nataka kuuokota, ila naogopa kuinama."

Hajra alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Kijana akaokota mtandio, akaukung'uta maganda ya mayai, akabeba na begi mpaka kwenye gari la Ruangwa. Mkono hakuutazama, wala hakujifanya hauoni. Alipompa mtandio alimpa upande wa kulia, kama mtu anayempa mtu kitu.

"Naitwa Mudrik. Kibanda changu kipo nyuma ya soko, nachomelea mageti. Naomba namba."

"Ya nini?"

"Nijue kama chupa imepona."

Chupa haikupona. Walichekea jambo hilo kwenye simu wiki nzima.

Mapenzi ya simu yana raha zake. Mudrik Nachingwea, Hajra Ruangwa, katikati vumbi. Kila saa sita mchana simu inalia ghalani anakofanya kazi Hajra, na wabeba magunia wote wanajua ni nani.

"Upo wapi, moto wa gesi?"

"Nipo kazini. Na acha kuniita moto wa gesi."

"Nikuiteje? Asali wanaitana wote, mpaka na wauza bangi. Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nakusubiri Ijumaa uje unipakulie."

"Nina mkono mmoja, Mudrik. Nikipakua, nani atashika sahani?"

"Si ndiyo kazi yangu hiyo?"

Ghala alilofanyia kazi jina lake tuliache, wenyewe wapo. Kazi ya Hajra ilikuwa kupima ubora. Gunia la ufuta likishushwa, anachoma bambo ubavuni, kile kichuma chenye uwazi na ncha kali, ufuta unatiririka kwenye sinia, anapepeta, anatazama mchanga, anatazama unyevu, anatamka daraja. Wengine huchoma kwa mikono miwili. Hajra aliegemeza kisigino cha bambo kwenye nyonga, akasukuma kwa mwili mzima, na gunia halikuwahi kumshinda. Wakulima wa Malolo na Nambilanje walipanga foleni kwake hata kama wapimaji wengine wamekaa bure, kwa sababu hakuwahi kumwonea mtu wala kumpendelea mtu.

Ndipo akaletwa meneja mpya, Eustakio. Shati jeupe, koti hata jua likiwa la saa saba, manukato yanayotangulia mlangoni. Siku ya kwanza tu aliuliza kabila la kila mtu. Hajra akasema Mmwera.

"Ahaa, watani zangu hao," akasema Eustakio. "Mimi Mmakonde. Sasa mtani, mkono mwingine umeuza wapi?"

Ghala zima likaangua kicheko, na Hajra akacheka pia, akamjibu kwamba ameuweka rehani kwa Wamakonde, wameuchonga kinyago. Ndivyo ilivyo. Mtani anakutukana, unamtukana, hakuna kununa. Anayenuna ndiye mwenye aibu.

Ila mtani wa kweli akishakutukana anakaa chini mle wote. Eustakio hakukaa chini. Wiki ya pili alimnyang'anya bambo, akasema wanunuzi wanapenda kuona mikono miwili kwenye bidhaa yao. Akampa ufagio. Wiki ya tatu akamkataza kupita mbele ya ofisi wageni wakiwepo. Kila mara alimalizia, "Utani tu, mtani," na kila mara wabeba magunia wakacheka, maana imeshasemwa ni utani. Hajra naye akacheka, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Afanye nini? Amshitaki mtani wake? Nani atamwelewa?

Kisha wakaja wanunuzi wakubwa kutoka Dar es Salaam.

"Mtani, ingia stoo mara moja uniletee orodha ya salfa," Eustakio akasema.

Hajra akaingia. Mlango ukafungwa nyuma yake, akasikia kufuli.

Stoo ile haina dirisha. Mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho imepangwa mpaka darini, miwili imepasuka, na bati la juu linachomwa na jua. Ilikuwa saa tano. Alipiga kelele, magari ya wageni yakawa yananguruma. Salfa ikamwingia machoni ikawa kama pilipili, ikamwingia kifuani akawa anakohoa mpaka anatapika. Simu ameiacha kwenye benchi nje. Alipiga mlango kwa mkono mzima, ulipochoka akapiga kwa kile kiwiko, akapiga, akapiga, mpaka ngozi ikachanika na damu ikachora mbao za mlango. Saa tisa Protasi, mbeba magunia, aliona damu inatokea chini ya mlango, akavunja kufuli kwa nyundo.

Hajra alitoka kwa magoti. Macho yamevimba, gauni limejaa vumbi la njano. Wanunuzi wameshaondoka. Eustakio kasimama kivulini, meno nje.

"Mtani, nilikusahau. Si ungepiga makofi?"

Watu walisita kidogo. Mmoja akacheka, wa pili akafuatia. Na Hajra, damu inadondoka kiwikoni, akacheka. Hilo ndilo ambalo hakujisamehe muda mrefu: kwamba alicheka.

Jioni hiyo alimsimulia Mudrik kwenye simu akijitahidi kulifanya kichekesho.

"Mudrik? Upo?"

"Nipo."

"Usifanye kitu. Kesho bodi ya ghala inakaa, nimeandika barua, kurasa mbili. Mwenyekiti Mzee Shehe amekubali niingie niseme mwenyewe. Umenisikia, mpenzi?"

"Nimekusikia."

Alisikia kwa masikio tu. Asubuhi, saa tatu, pikipiki iliingia uani kwa ghala, ikaangushwa bila kuzimwa, tairi la nyuma linazunguka hewani. Hajra alikuwa kwenye ngazi za ofisi, barua mkononi. Aliona ovaroli. Akaita jina lake, na tayari Mudrik alishamkamata Eustakio kwenye kola.

Ngumi ya kwanza iling'oa meno mawili. Ya pili ilivunja pua, ikasikika, kitu kama kijiti kikavu. Akamburuta kwa koti lake zuri mpaka kwenye mzani wa magunia, akamlaza uso juu ya chuma akawa anampigiza, na mzani, kwa kuwa ni mzani, ukawa unasoma. "Cheka," Mudrik akasema. "Si utani? Cheka." Wabeba magunia wakamshukia na mbao. Walimpiga mgongo, walimpiga magoti, mbao moja ikakatikia begani kwake, na bado hajaachia koti. Ikabidi Protasi amlalie juu ndipo wakaacha. Polisi walipofika hawakujua wamchukue nani kwa pingu na nani kwa machela.

Bodi ilikaa vilevile. Wazee watano kwenye viti vya plastiki, na barua ya Hajra juu ya meza, imerukiwa na tone la damu ambalo si lake.

"Binti," akasema Mzee Shehe, "tulikuwa tukusikilize. Sasa tutakusikilizaje? Umeleta mtu kumpiga mtani wako."

"Sikumleta, mzee."

"Ni mchumba wako?"

"Ni mchumba wangu."

"Basi umemleta, na tutaandika hivyo." Akavua kofia, akaitazama ndani. "Tangu mababu, mtani hapigwi. Meneja anasema yote yalikuwa utani. Wewe mwenyewe ulicheka, mashahidi wapo. Tuandike kwamba ulikuwa utani uliozidi, umsamehe, urudi kwenye ufagio. Tuyamalize."

Hajra aliutazama mkono wake wenye bandeji. Salfa ilikuwa bado inamkereketa kooni, kila neno linapita kwenye mchanga.

"Andikeni kwamba nimeacha kazi."

"Mwanangu, kazi ngumu kupata, na kwa hali yako..."

"Hali yangu ipi, mzee?"

Akaichukua barua yake, akatoka kwa mlango wa mbele, palepale alipokatazwa kupita.

Mahabusu alikwenda mara moja tu, na wali kwenye kontena. Mudrik alikuwa na jicho moja, la pili limefunikwa na uvimbe.

"Nimemtoa meno, moto wa gesi," akasema, akijaribu kutabasamu.

"Nilikuwa na kurasa mbili, Mudrik."

"Kurasa za nini kwa mtu kama yule?"

"Zangu. Miezi mitatu nimekaa kimya, jana ndiyo nilikuwa nafungua mdomo. Umekuja umenifungia mlango kama yeye alivyonifungia. Tofauti wewe unanipenda."

"Hajra..."

"Uache wali upoe, utakuumiza mdomo." Akaondoka.

Ruangwa ilikula habari hiyo mpaka ikashiba. Saluni zilisema mwanamke kamponza mwanamume, vijiwe vya kahawa vikasema mwanamume kamponza mwanamke. Mudrik alitoka baada ya wiki mbili, wazee wa pande zote wameyasuluhisha. Alipiga simu kila saa sita mchana, na kila saa sita mchana simu ikalia mpaka ikachoka. Hajra alikuwa amerudi kwa mama yake Nambilanje, amenunua bambo lake na sinia lake, na wakulima walimletea ufuta aupime kabla hawajaupeleka ghalani, wajue ukweli wao wasije wakadanganywa. Eustakio alibaki kwenye kiti chake, na meno ya bandia.

Mwezi wa kumi akapigiwa simu na namba asiyoijua.

"Nyie Wamwera mmelala?" Sauti ya mwanamke mzee, kavu. "Mimi Beatrisi, wa Marambo, namba yako nimepewa na Protasi. Kaka yangu Fortunatus amekufa. Kesho tunazika. Watani hawapo, nani atatunyamazisha? Tunalia kama mbuzi."

"Pole, bibi. Fortunatus yupi?"

"Baba yake Eustakio, wa ghalani kwenu."

Hajra akapiga namba ambayo hakuwa ameipiga tangu msimu wa ufuta. Ililia mara moja tu.

"Hajra?"

"Pikipiki yako nzima?"

"Nzima. Hajra, mimi..."

"Kesho asubuhi nipeleke Marambo, msibani kwa Eustakio. Naenda kama mtani. Lolote litakalotokea, hutainua mkono. Ukiinua, usinitafute tena maisha."

"Na akikugusa?"

"Nimesema lolote."

"Moto wa gesi, unaniomba kitu kigumu."

"Najua. Chepesi nisingekupigia."

Walifika jeneza limeshatolewa uani, kaburi limechimbwa kando ya nyumba. Turubai limefungwa kwenye miti, akina mama kwenye mikeka, paroko kwenye kiti, na Mzee Shehe mwenyewe amekuja na bodi yake kumfariji meneja. Hajra kavaa khanga nyeusi juu ya gauni jekundu, makusudi. Akapita katikati ya watu, akajilaza chali mbele ya jeneza.

"Hatoki mtu hapa," akasema. "Mmakonde huyu alikuwa anakula panya peke yake bila kutukaribisha. Leo anataka kuondoka bila kuaga?"

Msiba ulicheka mpaka ukafuta machozi ya aina nyingine. Bibi Beatrisi akapiga kigelegele. "Wamefika," akasema. "Wachafu hao wamefika."

Eustakio naye alicheka, kidogo, mkono mdomoni. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye kiti. Hajra akainuka akalivaa, mkono wa kushoto wa koti ukaning'inia mtupu. Akakaa kwenye kiti, akakunja nne, akachukua ufagio akausimamisha mbele yake.

"Wewe ufagio, kabila gani? Mmwera? Ahaa, mtani wangu." Ilikuwa sauti ya Eustakio kabisa, hata ile pua ya kabla haijavunjwa. Watu wakavunjika mbavu. "Mtani, wageni wanakuja. Wakikuona watatapika. Ingia stoo."

Kicheko.

"Umeingia? Nafunga. Humo mna salfa, dirisha hamna. Saa tano sasa, nitakukumbuka saa tisa. Ukikohoa, kohoa kwa adabu. Unapiga mlango? Kwa mkono upi? Aa, huo ulioisha. Piga basi mpaka utoke damu, mimi nipo nje nakunywa soda na wanunuzi."

Kicheko kilipungua, kikabaki upande mmoja, kikafa. Akina mama walikuwa wanatazamana. Protasi, aliyekaa nyuma na wabeba magunia wenzake, aliinamisha kichwa.

"Vua koti langu," Eustakio akasema.

"Mtani, mbona unanuna? Utani tu."

"Nimesema vua, kilema wewe."

Alikipiga kiti teke, Hajra akaenda chini, na kabla hajainuka ngumi ikamkuta mdomoni. Ya pili ikampata shavuni. Akaonja damu na mchanga. Kutoka pale chini alimtafuta Mudrik. Alikuwa ameukumbatia mti wa turubai kwa mikono miwili, macho yamemtoka, na turubai lote lilikuwa linatikisika juu ya watu kama limeingiwa na upepo. Hakuuachia. Na tuseme ukweli: sehemu ndogo ya Hajra, pale chini, ilitamani auachie.

Ngumi ya tatu haikufika. Binamu zake Eustakio mwenyewe walimvaa, vijana wa Kimakonde wanne, wakamwangusha kwenye udongo wa kaburi la baba yake, mateke mbavuni, koleo likainuliwa.

"Acheni," Bibi Beatrisi akasema. Hakupaza sauti. Koleo likashuka. Bibi yule akasogea na fimbo yake mpaka juu ya mpwa wake. "Umempiga mtani. Msibani. Kwa baba yako."

"Shangazi, amenidhalilisha."

"Mtani hapigwi. Ukimpiga, basi hakuwa mtani wako. Na kama hakuwa mtani wako, yale ya stoo yalikuwa nini?"

Eustakio alihema. Meno ya bandia yalikuwa yametoka, yapo kwenye udongo.

"Kaka yangu haendi chini mpaka useme. Jua linawaka na yeye ananisubiri."

Paroko alifungua kitabu akakifunga. Mwishoni Eustakio akasema, mdomo umeporomoka kama wa mzee, kwamba alimfungia binti yule kwa kuwa hakutaka wageni waone mkono wake, na alijua ndani mna salfa, na hakusahau.

"Hakuwa utani," Bibi Beatrisi akasema.

"Hakuwa utani."

Wakazika. Hajra alitupa udongo kama wengine, mzee wa watu hakuwa na kosa. Wakati watu wanatawanyika Mzee Shehe alimfuata, kofia mkononi.

"Binti, njoo Jumatatu. Huyu tutamwondoa. Bambo lako lipo."

"Bambo ninalo, mzee."

"Tulikosea."

"Mlikosea. Kazi niliacha mwenyewe, sikuja huku kuiomba. Ila lile mliloliandika, kwamba mimi nilileta mtu, mlifute, mimi nikiona."

"Tutalifuta."

"Nitakuja Jumatatu kuona. Halafu nitaondoka."

Mudrik alikuwa amekaa chini kando ya pikipiki. Viganja vyake vimejaa vibanzi vya mti wa turubai, vimechimba mpaka kwenye nyama. Alikuwa analia bila kujificha.

"Nimesimama kama gogo, mwanamke wangu anapigwa. Nilimpiga yule siku ile, sikusikia kitu. Leo nimesikia ngumi zote mbili."

"Na mimi nimesikia zote mbili," Hajra akasema, akakaa. "Lete mkono."

Akaanza kuchomoa vibanzi kwa meno na vidole, damu ya mdomo wake inamdondokea kiganjani, haijulikani tena ya nani.

"Una hasira na mimi bado?"

"Kidogo. Tulia."

"Nikikuoa, itaisha?"

"Haitaisha. Utaoa na hasira zangu." Akatema kibanzi. "Wazee wako waje Nambilanje Ijumaa. Nyie Wayao ni watani zetu, mjomba wangu ameshaanza kunoa mdomo."

"Watanitukana?"

"Mpaka mama yako ajute kukuzaa."

"Na mimi nifanye nini?"

Hajra aliugeuza ule mkono uliovimba, akautazama nyuma na mbele.

"Ucheke," akasema. "Ila siku utakayosikia kitu hakichekeshi, uniambie mimi kwanza."